Gari la Viatu Virefu

Mwamvua alipenda kujitambulisha hivi kwa wageni: "Mimi ni nusu dereva. Nusu ya kwenda mbele ninayo. Ile ya kurudi nyuma bado naitafuta." Watu wa Ushirombo walicheka, ila hakuna aliyebisha, maana ushahidi ulikuwa barabarani kila siku. Akipitiliza duka kwa hatua chache tu, harudi. Anazunguka soko zima, anapita kwenye mashine za kukoboa mpunga, anatokea upande wa pili na kuwasalimia upya watu wale wale aliowasalimia mwanzo. Watoto walishamzoea. Mara ya kwanza humwambia shikamoo, mara ya pili humuuliza, "Mama Amira, leo umepitiliza wapi?"

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alibomoa kipande cha ukuta wa nyuma akaweka geti la pili, ili aingilie la mbele na kutokea la nyuma bila kuigusa ile gia. Jirani yake Chausiku alimwambia kwamba katika wilaya nzima ya Bukombe ni yeye peke yake aliyejenga nyumba kwa kufuata akili ya gari. Mwamvua hakukataa. Alisema afadhali gari lina akili, kwa kuwa mwenyewe angekuwa nayo asingetumia saruji yote ile.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, Muhidini. Lilikuwa kubwa, la Kijapani, lenye fowili, yaani ile gia fupi kando ya gia kuu ambayo ukiivuta magurudumu yote manne yanashika kazi. Ukiliwasha, sauti ya binti wa Kijapani inatoka chini ya dashibodi na kusema maneno yake, kwa upole, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Hakuna aliyejua anasema nini. Mwamvua alikuwa akimwitikia "marahaba" kila asubuhi, kwa hoja kwamba binti mwenye adabu kiasi kile hawezi kuwa anafanya jambo lingine ila kuamkia wakubwa.

Muhidini alifariki mwaka juzi, na kwenye mirathi gari likaangukia kwa mjane. Lilikaa uani likiliwa na vumbi, kuku wakitaga chini yake. Kisha siku moja Mwamvua, akiwa amevuka hamsini, umri ambao wenzake wanajifunza kupumzika, akaenda kujifunza udereva. Siku ya mtihani alirudi nyuma mara moja, jicho moja limefumba na jingine linaomba dua, akafaulu, akaapa hatarudia tena. Tangu hapo akawa anapeleka mchele, maharage na mafuta kwa mama lishe wa machimboni, ng'ambo ya mbuga. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likitema dhahabu, wachimbaji wanakula nyama. Lisipotema, wanakula maharage. Kwa vyovyote wali watakula, na wali ulikuwa wa Mwamvua.

Mbuga ndiyo iliyokuwa adui. Udongo wake mweusi kiangazi ni mgumu kama matofali, masika unageuka ugali usioiva. Pale kwenye tope baya kuliko yote aliishi mzee mmoja, Benjamini, mkulima mwenye ng'ombe wa plau wenye nguvu na subira. Mvua zikianza, Mzee Benjamini halimi. Anafunga nira, anakaa kando ya njia na mnyororo wake, anasubiri magari. Masika ile ng'ombe wake walikuwa wamemvuta Mwamvua mara mbili, na mara ya pili wachimbaji walimpiga picha. Kwenye picha ng'ombe walionekana wana heshima zao. Mwamvua alionekana dirishani, mtandio umeteleza, mdomo wazi, akiwaelekeza ng'ombe pa kupita.

Picha ikafika simuni kwa Nuruddin, mdogo wake Muhidini, mwenye bucha pale kwenye kona ya sokoni. Jioni akaja, akakaa sebuleni, akakataa chai.

"Shemeji," alisema, "hili gari litakuua. Yupo mtu Buseresere analitaka. Tuliuze, gari la mzigo wako utakuwa unakodi."

Mtu mwenye busara angesema, ngoja nifikiri. Mwamvua alikuwa na mambo mengi, busara ya papo kwa papo haikuwemo. Alisimama mbele ya shemeji yake, mbele ya Chausiku aliyekuja kuazima chumvi, akazitikisa funguo.

"Nikivutwa na ng'ombe mara nyingine, shemeji, hizi utazipokea mkononi mwangu. Na sitafungua mdomo."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Chausiku alisahau chumvi. Nuruddin aliondoka, na Mwamvua akabaki anauangalia mdomo wake kwenye kioo cha kabati. Mdomo huponza kichwa, alijiambia, lakini wangu unaponza hadi gari. Alicheka peke yake, halafu kicheko kikakatika. Aliogopa kwelikweli. Kila kitu alichoachiwa na Muhidini kilikuwa kinanyamaza: shati haliongei, kitanda hakiongei, hata redio yake ilishakufa. Gari peke yake ndilo lilikuwa bado linaunguruma, na yeye kwa ulimi wake mwenyewe alikuwa ameliweka rehani kwa ng'ombe.

Basi wiki hiyo hiyo, taa ikaanza.

Ilikuwa taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi, kipicha cha gari na magurudumu yake. Siku zote ukivuta fowili ilikuwa inawaka ikatulia, ukirudisha gia inazima. Safari hii alirudisha gia, taa ikakataa kuzima. Ikawa inapepesa: waka, zima, waka, zima, kama mtu anayemkonyeza mke wa mwenzake. Usukani nao ukawa mzito. Kwenye kona gari likawa linagoma na kulalamika kwa chini, linasukuma kwenda mbele hali yeye anataka kwenda kushoto. Alipofika nyumbani na kulizima, taa ikazima. Akajipongeza kwamba amelitengeneza. Asubuhi akavuta fowili kujaribu, akazunguka nyumba, taa ikamkonyeza upya.

Ushauri wa gari mbovu hauna bei. Dereva wa lori akamwambia achomoe waya wa betri, ahesabu mpaka mia, arudishe. Alichomoa, akahesabu, akarudisha. Faida aliyoipata ni kwamba saa ya gari ilipoteza majira na binti wa Kijapani akaongea mara mbili. Chausiku akasema hilo ni jicho la watu, maana tangu lini mwanamke wa Ushirombo akawa na gari na wakamwacha salama? Wakafukiza ubani chini ya boneti, Mwamvua akisoma Ayatul Kursi na Chausiku akipepea. Gari likanukia vizuri sana. Taa ikaendelea.

Mtu wa tatu alikuwa Marselino, fundi umeme wa pale stendi, kijana mwenye bisibisi sikioni. Alimsikiliza mpaka mwisho, akainamia dashibodi.

"Mama, hili dogo. Naichomoa hiyo balbu."

"Ukichomoa, ugonjwa umepona?"

"Hautauona tena, mama."

Mwamvua alikasirika, akamwambia hayo ni matibabu ya mbuni anayeficha kichwa mchangani. Alirudi nyumbani akijiona mtu wa maana, mtu asiyedanganyika. Kisha akaingia ndani, akachukua plasta ya vidonda, akakata kipande, akaibandika juu ya taa. Mwanga ukapenya kwenye plasta, ukawa unapepesa kwa rangi ya kidonda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo alikuwa amemsomea Amira, binti yake, simuni siku mbili kabla, kuhusu jino.

Aliibandua plasta kwa aibu, akalipeleka gari kwa Davis.

Davis alikuwa fundi wa magari makubwa, mnene, mwenye makelele, anayecheka kabla ya kusikia kichekesho. Wengi hawakupenda kwenda kwake kwa sababu kosa lako akilijua, mtaa mzima utalijua. Mwamvua alikuwa amemkwepa kwa hilo. Davis hakugusa kitu. Alilizunguka gari, akasimama nyuma, akasimama mbele, akarudi nyuma tena. Mabega yakaanza kutikisika.

"Mama Amira, haya matairi ya nyuma umeyatoa wapi?"

Hapo Mwamvua alijisikia fahari, masikini. Matairi yale yalikuwa akili yake mwenyewe. Gari likibeba magunia lilikuwa linachuchumaa nyuma, na watu wakawa wanamtania kwamba limekaa chooni. Akaona njia ya kuliinua: akanunua mawili makubwa, mapana, yaliyotolewa kwenye magari ya wakandarasi wa mgodi, bado yana meno mazuri. Akafunga nyuma tu, kwa sababu mbele hapakuwa pamechuchumaa. Siku alipoyafunga, kabla taa haijaanza, gari lilipita sokoni makalio juu, na watu wakapiga vigelegele: Mama Amira kalivalisha gari viatu virefu!

"Si yananyanyua?" alisema.

"Yananyanyua sana. Nipe kanga yako."

Davis aliizungusha kanga kwenye tairi la nyuma, akashika alama kwa vidole. Akaja nayo mbele, akaizungusha. Ilizidi kwa kiganja kizima na kidogo.

"Umewahi kuona ng'ombe wawili kwenye nira moja, mmoja miguu mirefu, mwingine mifupi?"

"Fundi, ng'ombe usinitajie."

"Sikiliza. Tairi dogo linazunguka mara nyingi kuliko kubwa. Ukivuta fowili, umefunga mbele na nyuma nira moja. Kwenye tope matairi yanateleza, hayagombani. Ukifika ardhi ngumu, hasa kona, yanavutana mpaka gia zinaumana. Unarudisha mkono wa gia, ndani gia imebanwa, haitoki. Ndiyo taa inapepesa. Inakwambia: nimesikia, mama, lakini siwezi."

Mwamvua aliitazama taa kwa jicho jipya. Siku zote zile alikuwa anaitukana, kumbe ilikuwa inajibu kwa adabu.

Dawa ilikuwa matairi manne ya saizi moja. Yale ya zamani ya nyuma yangefaa, lakini Mwamvua alishamgawia mshona katambuga, vile viatu vya tairi, na kufikia siku ile yalikuwa yanatembea kwa miguu ya watu huko Masumbwe. Mapya yangeletwa kutoka Kahama wiki ijayo. Mchele nao ulitakiwa machimboni kesho.

"Utaenda tu," Davis alisema. "Vuta fowili kwenye tope, ukitoka irudishe. Ikibanwa, usilazimishe kona. Rudi nyuma, umenyoosha usukani, hatua kama kumi. Itaachia yenyewe."

"Nirudi nini?"

"Nyuma, mama."

Davis alianza kucheka tena, safari hii hakuweza kuacha, ikabidi ashike boneti. Mtaa mzima ukajua kabla ya adhuhuri.

Na kama mtaa umejua, Nuruddin amejua. Kesho yake asubuhi alikuwa getini, amevaa buti za bucha.

"Naenda na wewe, shemeji. Nataka nione kwa macho yangu."

Mwamvua alimkaribisha kwa tabasamu pana, lenye jasho. Akawasha gari. Binti akaamkia. Wote wawili, yeye na shemeji yake, wakaitikia marahaba kwa pamoja, halafu wakatazama pande tofauti.

Walipofika mbugani, Mzee Benjamini alikuwa pale pale, mnyororo begani, ng'ombe wanacheua.

"Mwangaluka, mama!" alimwamkia kwa Kisukuma. "Karibu. Leo wamekula vizuri hawa."

"Mwangaluka, baba. Leo nimekuja kupita tu."

"Ndivyo ulivyosema juzi," mzee alisema, bila ubaya wowote.

Mwamvua akavuta fowili. Taa ikawaka, ikatulia. Akaingia kwenye tope akisema bismillahi kwa sauti ambayo Nuruddin alijifanya haisikii. Gari likayumba, likacheza kiuno, matope yakapanda madirishani, lakini viatu virefu vikachimba, likatoka ng'ambo juu ya ardhi ngumu ya changarawe. Hakusimama kushangilia. Alijua furaha yake huwa inamponza. Akarudisha gia fupi.

Gia haikutoka. Taa ikapepesa.

Mbele palikuwa na kona ya ghafla, kisha daraja la magogo juu ya korongo. Mwamvua akakata usukani, gari likakataa, likaendelea kusukuma pua kuelekea korongoni huku likinguruma. Akakanyaga breki. Likazima. Tairi la mbele lilikuwa limebakiza kidogo sana kufika ukingoni. Akiilazimisha kona, korongoni. Huko korongoni hakuna fundi, kuna ng'ombe tu. Nyuma, ukirudi sana, ni tope lile lile ulilotoka, na Mzee Benjamini tayari alikuwa amesimama na kuanza kuwaamsha wanyama wake taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana ana haraka.

Nuruddin aliweka mkono kwenye kitasa cha mlango.

Mwamvua aliutazama ule mkono. Mjinga wee, alijiambia. Umejenga geti la pili kuikimbia gia moja, na gia imekufuata mpaka mbugani. Akawasha gari. Akatafuta gia ya kurudi nyuma, akaikosa, akaipata. Kioo cha ndani kilionyesha magunia tu, hakuna barabara hata chembe. Vile vya pembeni alikuwa ameviinamisha muda mrefu kwa ajili ya kutazama mtandio. Akashusha dirisha, akavirekebisha, na kwa mara ya kwanza akaona vingeweza kumwonyesha nini siku zote: alama za magurudumu yake mwenyewe, mbili, zimenyooka kutoka kwenye tope mpaka pale alipo.

"Shemeji, nitakanyaga nilipokanyaga," alisema. "Nikikosea, ruka."

Akaachia klachi. Gari likarudi. Likarudi hatua moja, nyingine, likilalamika, na yeye kichwa nje ya dirisha kama kuku kwenye tenga, akiifuata alama yake ya kulia kana kwamba ni uzi wa cherehani. Mzee Benjamini alisogea pembeni na ng'ombe wake wote. Tope lilikuwa linakaribia. Hatua nyingine. Hapo chini ya miguu yake kitu kikasema *tak*, kama goti la mzee anayenyanyuka, na usukani ukalegea mikononi mwake. Taa ikazima. Gia fupi ikarudi yenyewe, laini, kama haijawahi kuwa na ugomvi na mtu.

Akasimama, gurudumu la nyuma limegusa tope. Akaingiza gia ya kwanza, akaikata kona kwa upana, akapita daraja, akapanda kilima. Nyuma yao wakamsikia mzee akiita, "Mama Amira! Umeninyima chai!"

Mwamvua alipiga kelele za furaha, akapiga usukani, akaimba kitu kisicho na maneno. "Umeniona? Nimerudi nyuma! Kamwambie Davis! Kawaambie wote! Mwambie na huyo mtu wako wa Buseresere!" Akageuka kumtambia shemeji yake, na akakuta Nuruddin analia.

Alilipeleka gari kando, akazima.

"Shemeji. Nimekutisha?"

Nuruddin alitikisa kichwa. Alijifuta kwa kiganja, kikubwa, chenye makovu ya visu.

"Huyo wa Buseresere nilimtafuta mimi. Hakuja mwenyewe. Wala si kwamba huwezi kuendesha. Jioni nikiwa buchani, nikisikia hili gari linaikata ile kona ya sokoni, nasimama. Kila siku nasimama, shemeji. Nasema kaka huyo kaja. Halafu linapita, naona ni wewe. Nimechoka kumzika kila jioni."

Mwamvua alimwona huyu mtu mzima ambaye yeye alimwogopa wiki nzima, na akaona haya kwa kuwa hakumwona mapema.

"Unadhani mimi nilijifunza kuendesha kwa ajili ya mchele?" alisema. "Mchele ungeweza kupanda pikipiki. Lilipokaa uani lile, nyumba ilinyamaza. Nikaliwasha siku moja, nikalisikia, nikakaa ndani nikalia mpaka likapata moto. Nikasema hili haliwezi kunyamaza tena. Hata kama mwendeshaji ni nusu."

Walikaa pale, madirisha yamejaa matope, kila mmoja anatazama mbele.

"Usiuze," Nuruddin alisema.

"Siuzi."

"Lakini ukifika kwenye kona, piga honi. Kaka hakupiga honi hata siku moja. Nikisikia honi nitajua ni wewe, nitabaki nimekaa."

"Nitapiga."

Kesho yake jioni, Mwamvua alipoikaribia ile kona ya sokoni, alipiga honi, ndefu, mpaka wauza nyanya wakamlaani. Akaikata kona, akatazama buchani. Nuruddin alikuwa amesimama vilevile, kisu mkononi. Akampungia shemeji yake, kisha akakaa.